Faili Moja la Usanidi katika Utafiti wa Kingwana cha Maniema

Kiswahili kiliingia Maniema ya kusini pamoja na misafara ya pwani katika karne ya 19, Kasongo ikiwa mojawapo ya makao ya Tippu Tip. Kingwana kisemwacho huko, hadi Salamabila katika eneo la Kabambare, kina maumbo yake: husikika "mutu" mahali pa "mtu". Programu ya uchanganuzi iliyoundwa kwa Kiswahili Sanifu pekee haina budi kulikataa umbo hilo. Kwa hiyo mtafiti hulazimika kuirekebisha mwenyewe.

Hapo ndipo taabu huanza. Programu huhitaji lugha ya kompyuta ya toleo maalumu, maktaba za msimbo na hifadhidata. Iliyoandikwa kwa Python 2, ambayo utunzaji wake rasmi ulikoma mwaka 2020, aghalabu hugoma chini ya Python 3. Orodha ya maneno iliyopatikana Kasongo yaweza basi isipatikane tena Salamabila, na dai la kiisimu likabaki bila uthibitisho.

Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ilieneza dawa ya tatizo hili: mahitaji yote huandikwa katika faili moja la matini, compose.yaml. Humo hutajwa kila huduma na toleo lake, na amri "docker compose up" huyajenga mazingira yale yale kwenye kompyuta yoyote iliyo na Docker.

Hata hivyo, faili lililoandikwa kwa ulegevu halifai kitu. Anayeandika "postgres:latest" hajataja toleo lolote. Atapewa lililopo siku hiyo. Nayo PostgreSQL ya 16 haifungui moja kwa moja data iliyoandikwa na ya 15. Kubwa zaidi ni mahali pa kuhifadhi data. Pasipotajwa, manukuu ya masimulizi ya wazee yaliyoandikwa ndani ya kontena hutoweka kontena linapofutwa, na msimulizi huenda hayupo tena kuyarudia.

Aidha, faili lenyewe ni mistari michache, lakini taswira linazoziita, yaani vifurushi vya programu na vitegemezi vyake, zaweza kufikia mamia ya megabaiti. Palipo na mtandao haba, ni afadhali zipakuliwe mjini, zihifadhiwe kwenye diski kwa "docker save", kisha zifunguliwe kijijini kwa "docker load".