Mrushaji wa Saa ya Mwisho

Miongoni mwa kazi ambazo Wamarekani huzilipia mali nyingi iko moja ya ajabu kidogo, ambayo mwenye kuifanya hukaa kitako karibu muda wote wa pambano, nyuma ya ua wa kiwanja, akitafuna mbegu za alizeti na kuzungumza na wenzake, hata mambo yakisha kukaza na saa za mwisho zikakaribia, ndipo aitwapo ashuke uwanjani, arushe mpira mara kumi na tano au ishirini hivi, na kazi yake ya siku ikawa imekwisha. Huyu ndiye mrushaji wa akiba katika mchezo wa besiboli, na aliyeitukuza amali hiyo kupita wote ni mtoto wa mvuvi wa Panama, jina lake Mariano Rivera.

Kwa yule asiyeujua mchezo wenyewe, yatosha kusema kwamba timu mbili hupokezana kupiga na kuzuia kwa zamu tisa, na wapigaji hawaondoki mpaka watatu wao wametolewa. Na kwamba mrushaji, asimamaye juu ya kichuguu futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, ndiye aliyeshika hatima ya wenzake mkononi. Zamani aliyeanza kurusha alitarajiwa kumaliza, na wale wa akiba walikuwa aghalabu ama vijana wasiojaribiwa ama wazee waliochoka mikono. Lakini mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi ile, na mpigaji naye, akisha kukutana na mrushaji yule yule mara mbili tatu katika usiku mmoja, huanza kumzoea. Basi makocha wakaona heri kuleta mkono mpya. Ndipo mwandishi wa magazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, alipobuni hesabu ya uokozi, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1969, ambayo humwandikia sifa yule arushaye mwisho na kuulinda ushindi mwembamba, aghalabu usiozidi pointi tatu. Hesabu hii, kwa maoni yangu, ina walakini, kwani imewafanya makocha wengi wamhifadhi mrushaji wao bora hadi zamu ya tisa, ilhali pengine hatari kubwa kupita zote imekwisha pita tangu zamu ya saba. Hata hivyo hesabu ndiyo iliyozaa cheo, na cheo kikazaa mshahara. Mwenye cheo hicho ni mithili ya rubani apandaye jahazi kwenye mlango wa bandari: safari ndefu wameifanya wengine, lakini chombo kikipanda mwamba, jina litakalotajwa ni lake.

Rivera alizaliwa mwaka 1969 na kukulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi, ambako watoto walijitengenezea glavu kwa makasha ya maziwa na magongo kwa matawi ya miti, na alipopata nguvu akaingia kazini katika mashua aliyoiongoza baba yake. Hakuwa mrushaji hata kidogo. Alijitolea kurusha siku moja kwa kuwa mrushaji wa timu yake alikuwa akipigwa vibaya. Mwaka 1990 New York Yankees wakamsajili kwa dola zisizotimia elfu nne, akaenda Marekani bila kujua Kiingereza. Mwaka 1992 akapasuliwa kiwiko. Na alipoingia ligi kuu mwaka 1995, akiwa na miaka 25, akajaribiwa kama mrushaji wa kuanza, asifaulu sana. Mwaka uliofuata alitengewa zamu za saba na nane, akimwandalia njia John Wetteland, na Yankees wakatwaa ubingwa; kisha Wetteland akaondoka, na zamu ya tisa ikawa yake.

Siku moja ya Juni 1997, akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza ili kupasha misuli tu, mpira ukaanza kupinda wenyewe dakika ya mwisho, hata Mendoza akakasirika akidhani anachezewa. Rivera na kocha wake Mel Stottlemyre walihangaika kuunyoosha, wasiweze, mwisho wakauacha ulivyo. Naye, kwa kuwa ni mcha Mungu, akaupokea kama tunu. Tangu hapo takriban hakuhitaji mtupo mwingine. Mpira huonekana unakuja moja kwa moja, kisha ukikaribia hukata kando inchi chache, ukimwingilia mpigaji wa mkono wa kushoto mpaka gongo lake huvunjika mikononi. Kila mpigaji alijua kinachokuja. Na kujua hakukumfaa.

Lakini nisimsifu hata ikaonekana hakushindwa. Warushaji wa akiba walio wengi hudumu miaka michache tu, kisha kiwiko huwasaliti au kiangazi kimoja kibaya huwamaliza, wakauzwa na kuhamishwa mji hata mji. Kinachowaua si mpira uliopigwa bali usingizi unaopotea baadaye. Mwezi Novemba 2001, katika pambano la saba na la mwisho la fainali, Yankees wakiongoza kwa 2 dhidi ya 1 mbele ya Arizona, Rivera mwenyewe aliurusha vibaya mpira wa kumtoa mkimbiaji, pointi ikasawazishwa, na Luis Gonzalez akaudokoa mpira mwepesi ukaanguka nyuma ya walinzi: ubingwa ukapotea. Kwa kuwa hapakuwa na maandamano ya ushindi, mwenzake Enrique Wilson aliwahi kurudi kwao Jamhuri ya Dominika, asipande ndege aliyokuwa amekusudia kuipanda, ile iliyoanguka Queens tarehe 12 Novemba na kuua wote waliokuwamo. Rivera alikiri kwamba alifurahi kushindwa. Sidhani wapo wengi katika biashara hii ya ushindi wawezao kunena hivyo wakaaminika.

Mwaka 2012 alichanika kano ya goti akidaka mipira ya mazoezi huko Kansas City, na watu wakadhani amekwisha; akarejea akiwa na miaka 43, akacheza msimu mmoja zaidi, akastaafu akiwa na uokozi 652, akimwacha mbali Trevor Hoffman mwenye 601. Mwaka 2019, waandishi 425 walipopiga kura ya kuwaingiza wachezaji katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown, wote 425 waliandika jina lake, jambo ambalo halikupata kutokea tangu kura ya kwanza ya mwaka 1936, ambayo hata gwiji Babe Ruth alinyimwa na baadhi ya wapigaji kura wa wakati huo. Na hadi karibu na siku ile walikuwapo waliodai kwamba mrushaji wa akiba, kwa uchache wa kazi yake, hastahili kuingizwa humo kabisa.