Plagi isiyofaa yaweza kula faida ya safari nzima

FRIJI inaweza kutoka Kariakoo ikiwa nzima, ikavuka mpaka wa Kabanga ikiwa nzima, kisha ikaungua wiki ya kwanza Bujumbura. Mteja hurudi dukani akidai kauziwa bidhaa mbovu. Mara nyingine friji haina kosa. Kosa ni la umeme wa nyumbani na namna ilivyounganishwa.

Tanzania, Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu bapa. Pini ndefu ya juu ni ya waya wa ardhini. Burundi na Kongo, soketi zilizozoeleka ni za matundu mawili ya duara. Bidhaa ikivuka, wapo wanaokata plagi au kuweka adapta ya pini mbili. Friji inawaka, lakini waya wa ardhini umeachwa njiani. Hitilafu ikitokea ndani, bodi la chuma hushika umeme, na anayeligusa hupigwa shoti.

Hatari nyingine ni umeme unaopanda ghafla kwa sababu ya radi, au unaporudi baada ya kukatika. Wilaya ya Kabare, jirani na Bukavu, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Ekstensheni yenye kinga huelekeza umeme wa ziada ardhini. Pasipo waya wa ardhini, uwezo wake hupungua sana.

Friji gadi ina kazi tofauti. Hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha ili kompresa isiumie. Haizuii radi ya karibu. Mawingu yakianza kunguruma, salama ni kuchomoa plagi, na kwa televisheni, waya wa antena pia.

Kwa mfanyabiashara, kinga huanza kabla ya kupakia mzigo. Anunue plagi au adapta ya kule anakouza, yenye nafasi ya waya wa ardhini. Fundi anayebadilisha plagi afuate rangi: kahawia ni waya wa moto, buluu ni nyutro, kijani na njano ni wa ardhini. Mteja naye aambiwe mapema amwite fundi apime kama soketi yake ina waya wa ardhini kweli, na masharti ya waranti yaandikwe kwenye risiti.

Plagi ni gharama ndogo. Friji inayorudishwa Dar es Salaam hulipiwa usafiri mara ya pili, na mteja aliyeirudisha huenda asionekane tena.