Fahamu: Kwa nini kipa mkongwe hung'aa akihama?

Kijana anayedaka mpira wa makaratasi kule Abuku, Uganda, amtazame kipa Mganda Denis Onyango. Alitoka SC Villa ya kwao, akapitia Saint George ya Ethiopia, kisha Afrika Kusini. Mamelodi Sundowns wa huko walimweka benchi, wakamtoa kwa mkopo Bidvest Wits msimu wa 2013/14. Huko alipata namba, na hapo ndipo siri ilipo: kipa asiyecheza hupoteza wepesi wa mechi, krosi ikija anaweza kuchelewa. Aliporudi Sundowns akawa kipa namba moja. Mwaka 2016, akiwa na miaka 31, walitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Naamini umri ulimsaidia pia: kipa mzoefu huwapanga mabeki kwa sauti kabla shuti halijapigwa.