Kamera ya kuingia nayo baharini: tazama mpira kabla ya kuuliza bei

NDUGU zetu wanaorudi likizo kutoka Ulaya na Canada wana desturi yao. Wiki ya kwanza ni ya kusalimia wazee na kuzuru makaburi. Wiki ya pili wanataka bahari. Tena siku hizi hawatosheki na kukaa mchangani chini ya mwavuli. Wanataka kuvaa miwani ya kuzamia na ule mrija wa kupumulia, walale kifudifudi juu ya maji na kuangalia samaki, mchezo ambao vijana wa mashua huko Unguja wanauita snokeli. Wakishaona, wanataka picha. Simu waliyokuja nayo wanaogopa kuizamisha, na hapo ndipo sisi tunaovuka mipaka kila mwezi tunapopigiwa: "Kaka, si unapitia Dar? Tuchukulie kamera ya majini."

Safari hii mwenye kupiga alikuwa dada yangu mkubwa, na fedha zilikuwa za mchango wa ndugu wanne. Fedha za mchango zina macho. Ukinunua kitu kibaya kwa fedha yako mwenyewe unanyamaza. Ukinunua kibaya kwa fedha ya ukoo utasikia habari zake kwenye kila msiba na kila harusi.

Kulikuwa na jambo zito kuliko fedha. Tulipokimbia Bujumbura mwishoni mwa 1993 tuliacha kila kitu, pamoja na bahasha ya picha iliyokuwa kabatini. Tuliporudi kutoka Kigoma, nyumba ilikuwepo, kabati halikuwepo. Hatuna picha hata moja ya marehemu baba. Kwa hiyo mama akisikia neno kamera haulizi ni ya kampuni gani. Anauliza kama picha itatoka kwenye karatasi. Ya kwenye simu, kwake, si picha. Na yeye, mama wa bara ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya Tanganyika, ndiye aliyekuwa anapelekwa kuiona bahari kwa mara ya kwanza, pamoja na wajukuu waliozaliwa ughaibuni.

Kariakoo nilizunguka siku mbili. Kwenye duka la tatu muuzaji aliniwekea mbele kiboksi kidogo chenye picha ya mtu anayeruka juu ya wimbi. "Hii bosi, mita thelathini, tena 4K," akaniambia. Kweli juu ya boksi iliandikwa "30M". Nikamwomba anionyeshe kwenye karatasi ya maelezo ni mita au ni megapikseli, maana herufi ni ile ile. Tulipoisoma pamoja ikawa vyote viwili: kamera ina megapikseli 30 kwa maneno ya boksi, na mita 30 ni za ganda la plastiki linalokuja nayo, si za kamera yenyewe. Kamera ikitoka kwenye ganda lake, hata mvua ya masika inaiua. Muuzaji hakukasirika. Alisema wateja wengi hawaulizi.

Ndugu mfanyabiashara, ukiuza vitu hivi mpakani, ulizo hilo moja litakuokolea ugomvi mwingi: kinachozuia maji ni kamera au ni ganda? Ganda si kitu kibaya, ila lazima lijaribiwe likiwa tupu. Weka ndani kipande cha karatasi laini ya chooni, funga, lizamishe kwenye ndoo ya maji na uliwekee jiwe juu kwa nusu saa. Karatasi ikitoka na unyevu hata wa tone moja, rudisha. Jaribio hilo halifanani na kina cha bahari, kwa sababu kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Lakini ganda linalovuja ndoo halina haja ya kufika baharini.

Nimekuta watu wanaamini sana alama ya IP68 kwenye simu. Tarakimu ya kwanza, 6, ni ya vumbi. Ya pili ni ya maji: 7 maana yake simu imejaribiwa mita moja kwa nusu saa, 8 ni zaidi ya hapo kwa kiwango ambacho mtengenezaji mwenyewe anakitaja. Majaribio hufanywa kwa maji baridi yaliyotulia, yasiyo na chumvi, na simu ikiwa mpya, haijawahi kuanguka. Apple wenyewe wanaonya watu wasiogelee na iPhone, na uharibifu wa maji haumo kwenye dhamana yao. Isitoshe, kioo cha kugusa majini hakisikii kidole. Maji yenyewe yanakigusa kila mahali. Ile mifuko ya plastiki ya kuvaa shingoni inafaa kwa mtu anayesimama maji ya kiunoni. Kwa snokeli siipendi.

Tukija kwenye kamera zenyewe, anayetaka picha za kuganda, za kusafishwa na kuwekwa ukutani, atafute zile ndogo ngumu zilizotengenezwa tangu kiwandani kwa ajili ya maji. Iliyokuwa ikisifiwa kwa miaka mingi ni Olympus ya ukoo wa TG. Hapa pana mtego kwa wauzaji. Olympus iliuza idara yake ya kamera, na tangu 2021 kampuni mpya inaitwa OM Digital Solutions. TG-6 ya 2019 ina jina la Olympus. TG-7 ya 2023 imeandikwa OM System. Nilimkuta mteja aliyeikataa TG-7 akisema ni feki kwa sababu haina jina analolijua, akachukua ya zamani iliyokwisha kuvuliwa plastiki. TG-7 imeandikiwa mita 15, inavumilia kuanguka mita 2 na kidogo, na lenzi yake inaingiza mwanga mwingi kuliko nyingi za aina hiyo. Ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 550. Si kitu cha mchezo. Ricoh wana WG-80 ya 2022 yenye mita 14, na Kodak wana PIXPRO WPZ2 ya mita 15, ambayo ni nafuu zaidi ingawa picha zake ni za wastani.

Mtu asikimbilie namba kubwa. Nikon W300 ya 2017 iliandikwa mita 30, Panasonic FT7 ya 2018 mita 31, Fujifilm XP140 ya 2019 mita 25, na hizo ndizo zinazojaa kwenye mitumba kutoka Ulaya. Mwenye kwenda snokeli anaelea juu ya maji. Akijitahidi sana atashuka mita 3 au 4. Kilicho muhimu kwake ni mpira mwembamba unaozunguka mlango wa betri. Mpira ule unazeeka, unakauka, unapata ufa usioonekana kwa macho, na watengenezaji wenyewe hushauri ubadilishwe kila mwaka. Kwa hiyo kamera ya mtumba ya mita 30 ambayo mpira wake una miaka saba ni kamera ya nchi kavu. Fungua mlango, pitisha kidole kisafi, tazama kwa taa. Unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kuingiza maji.

Anayetaka video za watoto wakirukaruka, hizi kamera za kufungwa kichwani zinafaa zaidi. GoPro nyingi, tangu HERO5 ya 2016, huingia mita 10 bila ganda. DJI Osmo Action 4 ya 2023 imeandikiwa mita 18. Ni nyepesi na zinaacha mkono mmoja huru, jambo la maana kwa sisi watu wa milimani ambao kuogelea tumejifunza ukubwani. Na asiye na fedha zote hizo asione haya kuulizia kamera za filamu za kutumia mara moja, kama Fujifilm QuickSnap ya majini ambayo ina picha 27 na huingia mita 10. Mtihani wake ni kupata studio inayosafisha filamu. Ulizia hilo kabla ya kununua.

Mimi nilichukua TG-7, mpya, na risiti, pamoja na betri ya pili na mkanda wa sponji wa rangi ya machungwa unaoelea. Mkanda huo ni kitu kidogo mno, lakini karibu kamera zote hizi huzama kama jiwe zikikuponyoka.

Tulikwenda Januari, majira ya kaskazi, wakati maji ya upande wa mashariki wa Unguja yanakuwa safi. Kutoka Matemwe mashua huondoka kwa kufuata maji, si saa. Bahari ikipwa hapo inakimbia mbali kabisa na kuwaacha kina mama wa mwani wakitembea kwa miguu. Mbele ni Mnemba na matumbawe yake. Uzuri wake ni kweli, na msongamano wake ni kweli pia: siku hiyo niliona mashua zikiwakimbiza pomboo kama bodaboda zinavyogombea abiria. Anayependa utulivu afikirie Chumbe, ambako matumbawe yanalindwa tangu 1994 na wageni huingizwa wachache wachache, au Kisite upande wa Kenya, ukipitia Shimoni.

Majini, kamera nzuri peke yake haikusaidii. Maji hula rangi nyekundu kwanza; ukishuka mita 5 tu kila kitu kimeanza kuwa bluu na kijani. Dawa yake ni kusogea karibu, chini ya mita moja na samaki, kuweka jua mgongoni, na kutumia ule mpangilio wa rangi wa majini uliomo kwenye kamera. Zima taa ya flashi, la sivyo inamulika vumbi la majini na picha inajaa madoa meupe kama theluji. Usipige kutoka juu ukielekeza chini. Shuka kidogo upige kwa usawa wa macho ya samaki. Na miguu isikanyage matumbawe. Yale ni mawe yenye uhai, na vilevile yanakata.

Mpwa wangu alipiga zaidi ya picha 200. Mama alibaki ufukweni chini ya mivinje, akakataa katakata kupanda mashua. Jioni alionyeshwa vitatange, kasa, na nyota za bahari kwenye kioo cha nyuma, akasema hao wote ni chakula cha nani. Za kusafishwa alichagua tatu: wajukuu wakiwa na miwani na mirija midomoni, dada akicheka nusu mwili ukiwa majini, na moja aliyopigwa yeye mwenyewe maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Megapikseli 12 za kamera ile zilitosha kabisa kwa picha za ukubwa wa postikadi, na hata kubwa zaidi.

Kazi ya mwisho ni ya jioni hiyo hiyo. Kamera ilowekwe kwenye beseni la maji baridi ya kunywa, milango ikiwa imefungwa, kwa dakika kumi au zaidi, huku ukibonyeza vitufe vyote ili chumvi itoke. Usiielekezee mkondo wa bomba. Ifute, iache ikauke kivulini, ndipo ufungue mlango ukiwa umeuelekeza chini. Usifungue ufukweni hata kama betri imekwisha: mchanga ni adui wa kwanza, na hewa ya unyevu ikiingia kisha ukarudi majini, kioo kinafanya ukungu kwa ndani.

Kwa wenzetu wa Kigoma, Uvira na Bujumbura, Tanganyika haina chumvi, hivyo kamera inadumu, na wale samaki wadogo wa rangi wa kwenye miamba, ambao aina zao nyingi hazipatikani popote pengine duniani, ni wazuri kama wa Mnemba. Chagueni mahali pa mawe na maji meupe. Penye majani na konokono pana kichocho, na karibu na mdomo wa Rusizi pana mamba na viboko ambao hawajui kwamba umekuja likizo.

Mpakani, kamera moja iliyo shingoni mwako ni kifaa cha msafiri, ila tembea na risiti. Kumi zikiwa kwenye maboksi ni biashara, hata ukisema ni zawadi za harusi. Kile cheti rahisi cha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 hakizisaidii, kwa kuwa ni cha vitu vilivyozalishwa ndani ya jumuiya, na kamera kununuliwa Kariakoo hakuifanyi kuwa ya Tanzania. Anayetaka kuanza na mtaji mdogo ningemshauri aache kamera zenyewe kwanza. Achukue mikanda ya kuelea, betri za ziada na kadi za kumbukumbu za kweli. Hivyo ndivyo nilivyosumbuka kuvipata, na hivyo ndivyo kila anayeshuka pwani anavyokumbuka akiwa ameshapanda basi.