Mshika vichupo viwili, kimoja humponyoka?

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo niliwasomesha watoto wa Msambweni kwa miaka mingi, nikaitungia maswali ya mtihani na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikudhani hata siku moja kwamba ingenirudia mimi mwenyewe uzeeni, nimeketi mbele ya tarakilishi mjini Ukunda, jasho likinitiririka ilhali feni inazunguka juu ya kichwa changu.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana wawili wa kijijini kwetu, binti na mvulana, walikuwa wamepata alama za kujiunga na chuo. Binti alitaka uuguzi. Mvulana alitaka upimaji wa ardhi. Siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa imewadia, na kama ilivyo ada ya mambo yetu, ndiyo siku waliyonijia. Tukapanda matatu katika barabara ile itokayo Lungalunga kwenda Likoni, tukashuka Ukunda na kuingia katika saiba moja. Tarakilishi iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, na nyuma yetu foleni ilikuwa ikirefuka.

Mimi nilikuwa nimejifunza kutumia vichupo majuma machache kabla ya siku hiyo, nami nilijiona gwiji. Nikafungua kichupo cha kwanza, binti akaingiza nambari yake na neno lake la siri. Nikafungua kichupo cha pili katika tovuti iyo hiyo. La ajabu ni kwamba tovuti haikuuliza jina. Ilimwonyesha binti yule yule. Nikabonyeza mahali pa kutoka, mvulana akaingia kwa nambari yake. Sasa, nikajiambia, ninao wote wawili kiganjani. Nikawa ninaruka kutoka kichupo hiki hadi kile, huku ninajaza uuguzi na huku ninajaza upimaji wa ardhi, almuradi nilijiona kama nahodha anayeongoza majahazi mawili kwa usukani mmoja.

Tulipomaliza, binti akaomba kuhakikisha. Akaingia upya. Orodha yake ilikuwa tupu! Tulipofungua ya mvulana tukakuta chaguo lake la kwanza ni uuguzi. Binti hakulia wala hakusema neno. Alinitazama tu, na mtazamo ule ulinichoma kuliko tusi.

Aliyetuokoa ni kijana mwenye kuhudumia saiba ile, ambaye niliwahi kumfundisha akiwa darasa la saba. Alivuta kiti, akasema kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu. Vichupo ni viwili, lakini mlango ni mmoja." Kabla ya magharibi kila mmoja alikuwa na chaguo lake, na stakabadhi imechapishwa. Nikarudi Msambweni nikiwa mwanafunzi.

Ndugu msomaji, nimekisimulia kisa hiki cha aibu kwa sababu moja. Tunawaambia vijana wetu kwamba dunia imo katika tarakilishi, ilhali hatuwafundishi namna ya kushika yale yaliyomo. Tunadhani ajuaye kubonyeza ajua kutumia. Mimi nilijua kubonyeza.

Hebu tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Programu inayotufungulia kurasa za wavuti huitwa kivinjari. Kuvinjari ni kwenda huku na huku kwa kutazama au kulinda, kama chombo kinachozungukazunguka baharini. Kwetu Pwani neno hili halihitaji mkalimani. Kichupo nacho ni ile sehemu ndogo iliyo juu ya dirisha la kivinjari, yenye jina la ukurasa, ambayo ukiibonyeza ukurasa wake unajitokeza mbele na mingine inajificha nyuma yake. Wanafunzi fulani niliowasikia walidhani ni kichupa, wakashangaa chupa imeingiaje katika tarakilishi. Kosa hilo halinichekeshi sana, maana mtoto asiyeelezwa neno hujitafutia maana yake mwenyewe.

Si jambo la kale sana. Kivinjari kiitwacho InternetWorks kilikuwa na vichupo mwaka 1994, lakini wengi wetu hatukukisikia. Programu ya Mozilla iliviingiza mwaka 2001. Firefox ilipotolewa rasmi Novemba 2004 ikavieneza. Internet Explorer, ambayo ndiyo iliyokuwa katika tarakilishi nyingi za dunia, ikavipokea katika toleo lake la 7 mwaka 2006. Chrome ilipozaliwa Septemba 2008, ilizaliwa navyo. Kabla ya hapo kila ukurasa mpya ulidai dirisha zima, au ulifuta ule uliokuwapo.

Nakumbuka vyema adha ya siku zile. Kabla ya mwaka 2009, mwaka ambao nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifikishwa Mombasa, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikwenda mwendo wa kobe aliyeshiba. Ulibonyeza kiungo, ukangoja. Ukurasa ukifunguka ukauona si ule uutakao, ulibonyeza mshale wa kurudi, ukangoja tena orodha ile ile ijipange upya. Na muda wote huo saa ya mwenye duka inahesabu dakika, nawe unalipa kwa kungoja. Hata nyaya zilipofika, mazoea yale yalibaki vidoleni mwangu. Ndiyo maana kijana yule wa saiba, mara ya kwanza aliponiona nikihangaika, aliniuliza, "Mwalimu, mbona unarudi nyuma kila mara kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani?"

Akanionyesha. Ukishika kitufe cha Ctrl na kubonyeza kiungo kwa kipanya, ukurasa mpya hufunguka katika kichupo chake, nyuma, bila ya kukuondoa pale usomapo. Unaendelea kusoma, nao unajiandaa polepole. Ctrl na T hufungua kichupo kitupu. Ctrl na W hukifunga kilicho mbele yako. Ctrl na Tab hukupeleka kwenye kinachofuata. Na ukikifunga kwa bahati mbaya, Ctrl, Shift na T kwa pamoja hukirudisha. Lakini hapa pana tahadhari: hurudisha ukurasa, aghalabu hakirudishi ulichokuwa umekiandika humo. Fomu iliyojazwa nusu ni kama maji ya mtungi, ukiupindua huyazoi.

Faida kubwa kwa mwalimu na mwanafunzi, hata hivyo, si wepesi wa kuhama. Ni kulinganisha. Nilipoanza kuvizoea vichupo nilitafuta habari za Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na Diani, ambao watoto wetu wanaupita kila siku. Misitu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Nikafungua kurasa mbili kwa pamoja. Mmoja ulisema misitu iliyoorodheshwa ni 10. Mwingine ulisema 11. Lau ningekuwa na dirisha moja kama zamani, ningeusoma wa kwanza, nikanakili, nikaondoka nimeridhika. Vichupo viwili vilininyima raha hiyo, nami navishukuru. Ilinilazimu kuuliza: Nani ameandika? Ameandika lini? Anahesabuje? Hapo ndipo elimu inapoanzia. Mwanafunzi asomaye ukurasa mmoja hukariri, lakini asomaye miwili inayopingana hana budi kufikiri.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba vichupo vinawatawanya vijana akili. Hoja hii haina ila yote. Nimemwona mwanafunzi ana vichupo 20: wa somo la historia mmoja, wa kabumbu mitatu, wa nyimbo mitano, na mingine hata yeye haikumbuki. Majina ya kurasa yamebanana hadi hayasomeki. Katika simu, ambako ndiko vijana wengi huvinjari siku hizi, mambo hujificha zaidi: vichupo havionekani, ila tarakimu ndogo katika kijisanduku. Chrome ya simu za Android inapopita vichupo 99 huacha kuhesabu, ikachora alama ya uso unaocheka. Sijui inamcheka nani!

Fauka ya hayo, kila kichupo kilicho wazi hudai sehemu ya kumbukumbu ya mashine. Simu ya bei nafuu ikielemewa hukitupa kwa siri kile cha nyuma, na ukikirudia hulazimika kupakua ukurasa upya. Bando lako linaliwa mara mbili, na kama ulikuwa ukijaza fomu, kazi yako huenda ikapotea. Kwa mzazi wa Lungalunga au Kinango anayenunua bando kwa sarafu za kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Lakini dawa ya mlo mwingi si kushinda na njaa. Mtu hufundishwa kula. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba kila kichupo kiwe na jibu la swali moja: nimekufungulia nini? Kisicho na jibu nakifunga.

Sasa turudi kwenye kosa langu la Ukunda, kwani ndilo lenye hatari isiyoonekana. Unapoingia katika tovuti kwa jina lako, tovuti hukipa kivinjari alama ndogo ya utambulisho iitwayo kidakuzi. Kila ukibonyeza kitu, kivinjari huionyesha alama hiyo, na tovuti hujua ni wewe. Alama hiyo si mali ya kichupo. Ni mali ya kivinjari kizima, na vichupo vyake vyote huitumia kwa pamoja. Nilipomtoa binti na kumwingiza mvulana katika kichupo cha pili, alama ilibadilika kotekote. Kichupo cha kwanza kiliendelea kuonyesha jina la binti, lakini lile lilikuwa kama picha ukutani ya mtu aliyekwisha kuhama. Nilipojaza uuguzi pale, tovuti iliona alama ya mvulana, ikauandika kwake. Tarakilishi haikukosea. Ilitii.

Ukitaka kuwahudumia watu wawili katika tovuti moja, mmalize mmoja kwanza, atoke, ndipo aingie mwingine. Ikiwa huna budi kuwashika wote wawili, mmoja atumie dirisha la kawaida na mwingine dirisha fiche, kwa kuwa dirisha fiche huwa na alama zake mbali. Lakini usifungue madirisha fiche mawili ukadhani umepata nyumba mbili. Aghalabu hayo nayo hushirikiana.

Kwa sababu iyo hiyo, kufunga kichupo si kutoka. Msichana anayetazama matokeo yake, au mwalimu anayesoma barua zake katika mashine ya saiba, kisha akakifunga kichupo na kwenda zake, ameuegesha mlango tu. Atakayeketi baada yake akifungua tovuti ile ile huenda akamkuta ndani. Bonyeza mahali pa kutoka kwanza, ndipo ufunge. Haya ni mambo ya dakika mbili kuyafundisha, lakini nimekutana na wahitimu wasioyajua, na mimi nilikuwa mmojawapo wa wasioyajua.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Shule zetu nyingi za msingi zilipata vishikwambi chini ya mpango wa serikali ulioanza kutekelezwa mwaka 2016. Vifaa tulivishangilia, na ni haki yetu. Lakini kifaa ni jembe, na jembe halilimi peke yake. Mwalimu wa historia awape wanafunzi swali moja na vichupo viwili, awaulize kurasa hizo zinatofautiana wapi. Mwalimu wa Kiswahili awafundishe kuita vitu kwa majina: kivinjari, kichupo, kiungo, kidakuzi, ili mtoto asije akadhani elimu hii ni ya wageni. Na kila mwalimu anayemsaidia mtahiniwa kutuma maombi akumbuke kwamba anashika maisha ya mtu, si kipanya tu. Ashike moja kwa wakati wake. Shule isiyo na mashine hata moja nayo isikate tamaa: chora dirisha ubaoni kwa chaki, weka vichupo vitatu juu yake, na waite wanafunzi mmoja mmoja waeleze kipi kifunguliwe, kipi kifungwe, na kwa nini.

Binti yule alipata nafasi ya uuguzi. Alipokuja nyumbani kuniaga nilimwomba radhi kwa mara nyingine, akatabasamu, akasema, "Mwalimu, uliniambia nihakikishe kazi kabla ya kuikabidhi. Ndiyo maana niliingia tena kutazama."

Nilifarijika, na niliona haya pia. Mashine ilikuwa imenishinda, lakini somo la zamani la kusahihisha kazi kabla ya kuikabidhi ndilo lililotuokoa sote. Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, fungua vichupo upendavyo. Wahenga hawakukataza kushika mbili. Walitutahadharisha tu kwamba moja huponyoka, na mwenye kutahadharishwa hana budi kuangalia mkono wake.