Hesabu Mihula Kabla ya Kuhesabu Nobel

Oktoba 2025, wakati wanafunzi wa vyuo vya jamii vya California wakijaza fomu za kuhamia vyuo vikuu, Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilikwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis. Clarke ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wenzake wawili wana uhusiano na tawi la chuo hicho la Santa Barbara. Si vigumu kukisia ushauri ambao kijana anayependa fizikia aliupata nyumbani wiki ile: basi, mwanangu, nenda huko huko.

Tuzo hiyo ilitolewa kwa majaribio yaliyofanyika Berkeley mwaka 1984 na 1985. Martinis alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya Clarke, na Devoret alikuwa mtafiti kijana aliyekuja kutoka Ufaransa. Miaka arobaini imepita tangu hapo, na Clarke amekwisha kustaafu kufundisha. Anayehamia Berkeley kwa ajili ya tuzo ile analifuata darasa ambalo halimo kwenye ratiba ya muhula wowote.

Berkeley si mahali pabaya, hata kidogo. Lakini kuuliza chuo kipi kina jina ni anasa ya mtu mwenye miaka minne mbele yake. Anayehamia ana miwili, na ukiihesabu vizuri utakuta hata hiyo miwili haijatimia.

Tuanze na sababu za watu kuanzia chuo cha jamii kisha wakahama. Tangu Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960, California ina ngazi tatu: vyuo vya jamii, vyuo vya Cal State, na vyuo vikuu vya UC, yaani Chuo Kikuu cha California, kama Berkeley na UCLA. Mkaazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa yuniti moja katika chuo cha jamii. Yuniti 60 zinazohitajika ili aingie mwaka wa tatu humgharimu dola 2,760 kwa miaka yote miwili, kabla ya vitabu na nauli. UC hutoza zaidi ya dola 13,000 kwa mwaka mmoja. Kwa familia za City Heights, San Diego, ambako Kiswahili ni moja ya lugha za mtaani, hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Wapo wazazi wanaoona kuhama chuo ni dalili ya kushindwa. Hao waambiwe habari za Sally Ride. Alianza Swarthmore, Pennsylvania, akaondoka, akachukua masomo UCLA, kisha akahamia Stanford, ambako mwaka 1973 alipata shahada ya fizikia na nyingine ya Kiingereza. Mwaka 1983 akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda anga za juu.

Sasa turudi kwenye kalenda, maana hapo ndipo wengi hunaswa. Vyuo vingi vya UC hufuata mihula mifupi ya wiki kumi za masomo, mitatu kwa mwaka. Berkeley na Merced ndivyo vyenye mihula mirefu miwili. Katika vile vya mihula mifupi, mwanafunzi anayehamia huanza masomo mwishoni mwa Septemba. Kufikia katikati ya muhula ameshafanya mtihani wa kwanza, mara nyingi kabla hajajua maabara iko jengo gani. Januari na Februari ndipo maombi mengi ya utafiti wa kiangazi hufungwa, na yeye ana kiangazi kimoja tu cha kutumia kabla ya kuhitimu. Desemba ya mwaka wake wa mwisho, ikiwa anataka uzamivu, maombi yanatakiwa yawe tayari pamoja na barua tatu za mapendekezo. Kuanzia siku anaingia hadi hapo ni kama miezi kumi na minne. Ndani ya miezi hiyo maprofesa watatu wawe wamemjua kiasi cha kuandika jambo zaidi ya alama alizopata.

Kwa hiyo idara inayomfaa ni ile inayompokea maabarani mapema. Kuna idara ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu huingia kwenye kikundi cha utafiti muhula wake wa kwanza, akaanza kwa kufunga mabomba ya pampu za ombwe au kusafisha data kwa Python. Kuna nyingine ambazo nafasi hizo zilishachukuliwa na waliotoka sekondari moja kwa moja, ambao wana miaka miwili ya kujuana na maprofesa. Kijana aliyeko Marekani kwa viza ya masomo aliangalie hili kwa makini zaidi. Programu kubwa za utafiti wa kiangazi zinazofadhiliwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani huwalipa raia na wakaazi wa kudumu tu. Yeye atategemea fedha za profesa, basi achunguze mapema ni maprofesa gani wana fedha na huchukua wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Kuna tatizo lingine, na hili halina huruma: mtiririko wa masomo. Mekanika ya kwanta inakutaka uwe na aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi. Umeme na sumaku wa mwaka wa tatu unataka kalkulasi ya vigezo vingi, na uwe umeizoea kweli. Katika idara nyingi mtiririko huo huanza mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa somo moja la awali mwezi Septemba, unasubiri Septemba nyingine, na shahada ya miaka miwili inageuka mitatu na ada yake. Makosa mawili ndiyo hutokea sana. La kwanza ni kusoma fizikia isiyotumia kalkulasi, ile ya wanaoelekea udaktari wa tiba, ambayo idara ya fizikia haiihesabu. La pili ni kumaliza masomo yote ya jumla, historia na uandishi, huku mfululizo wa fizikia ukiachwa nusu. Tovuti ya ASSIST huonyesha, chuo kwa chuo, somo gani linakubalika wapi. Isomwe mwaka wa kwanza, kabla ya kujiandikisha.

Vijana waliosomea Tanzania au Kenya huteleza hapa kwa sababu ya mazoea. Kwetu unadahiliwa katika programu, na masomo mengi ya lazima unapangiwa wewe na darasa zima. Marekani unajipangia, na hakuna atakayekushtua ukijipangia vibaya.

Cal State nazo zisidharauliwe. Wengi huziona ni za waliokosa UC, na mimi siafiki. Katika fizikia idara zake kwa kawaida huishia uzamili, hivyo profesa anayetaka mikono ya kufanya utafiti huwategemea wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hata kitabu cha umeme na sumaku kinachotumika katika idara nyingi kubwa duniani kiliandikwa na David Griffiths, ambaye kwa miaka mingi alifundisha Reed College, chuo kidogo cha Portland kisichotoa uzamivu wa fizikia. Ufundishaji mzuri haufuati ukubwa wa jengo.

Mwisho wa yote, chungulia wanafunzi wenyewe. Kazi za nyumbani za mwaka wa tatu hazifanywi peke yako, ukijaribu utakesha. Vikundi vya kusomea huwa vimeundwa tangu mwaka wa kwanza, na mgeni hujikuta nje. Idara yenye chumba cha wanafunzi, yenye kikao maalumu cha wanaohamia, na ambayo inaweza kukujibu bila kusitasita kuwa wangapi kati yao huhitimu kwa miaka miwili, hiyo inastahili kuwekwa juu ya orodha. Inayoshindwa kujibu swali hilo, mimi ningeishusha chini, iwe na Nobel ngapi.

Vyuo sita vya UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, vina dhamana ya udahili inayoitwa TAG. Berkeley, UCLA na San Diego havina. Fomu yake hujazwa kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, na unaruhusiwa chuo kimoja tu, tena baadhi ya programu hazimo. Hakikisha fizikia imo. Kabla ya kuijaza, mwandikie mshauri wa wanafunzi wa idara, mtumie orodha ya masomo uliyokwisha kumaliza, na umwombe akupangie mihula yote hadi siku ya kuhitimu. Akikuletea mpango unaotimia ndani ya miaka miwili, jaza fomu. Ukivuka miaka hiyo miwili, tafuta idara nyingine.