Fahamu: Mtoto aingiapo kidato cha kwanza

Kila Januari watoto wa Tanzania waliofaulu darasa la saba huingia sekondari, na aghalabu wazazi hudhani wajibu wao umekwisha pindi walipokwisha kununua sare, madaftari na, kwa wa bweni, godoro na sanduku la chuma. Walakini taabu kubwa zaidi haimo katika orodha hiyo. Mtoto aliyefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka saba katika shule ya serikali hukuta ghafula masomo yale yale yakisomeshwa kwa Kiingereza, hata yule aliyekuwa hodari wa kunyoosha mkono akanyamaza, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa maneno.

Ndiyo maana shule nyingi hutanguliza majuma kadhaa ya mafunzo ya lugha, na mzazi amzuiaye mwanawe nyumbani kwa kuwa sare haijashonwa humkosesha jambo adhimu kuliko sare. Wala ada si sababu ya kumzuia, kwani katika shule za serikali iliondolewa tangu 2016.

Jioni, mwulize akueleze somo la leo kwa Kiswahili: akiweza, amelifahamu, na Kiingereza kitafuata kwa mazoezi. Aliye bweni naye, akilia kwenye simu, asikilizwe kwa upole, kisha mzazi aseme na matroni au mwalimu wa darasa, wala asingoje upimaji wa taifa wa kidato cha pili, ambao asiyefaulu hurudia mwaka.